Kachuma kanakoshika transista: niliyowaambia vijana wa elektroniki

Hii ni hotuba niliyotoa kwa wanafunzi wa ufundi elektroniki hapa Morogoro. Nimeiandika karibu vilevile nilivyoongea, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Shikamooni walimu wangu, na nyie wadogo zangu habari za mchana. Nimeombwa niongee kuhusu makosa ya mafundi, na jana usiku nilipokaa kuandika listi nikaona yanafika ukurasa wa pili na bado, nikajiuliza sasa hawa vijana watakumbuka lipi, kwa hiyo nimeifunga ile karatasi na nimekuja na kosa moja tu. Moja, lakini nalijua vizuri, maana nimelifanya kwa mikono yangu na kuna mtu alipata hasara.

Hiki kikopo nilichoshika kilikuwa cha maziwa ya unga. Mnasikia kinavyolia? Hamna misumari humu, ni klipu za springi, zile zinazokandamiza transista, kale kadude kanakodhibiti umeme kwenye mashine, kwenye hitisinki, ile aluminiamu inayobeba joto lake ili ipoe. Pitisheni, kila mmoja achukue moja akae nayo mkononi wakati naongea. Iangalie vizuri. Ni kipande cha chuma chembamba, urefu wake kama kiungo cha juu cha kidole gumba, kimekunjwa mgongo kama mtu aliyeinama, na mwisho kuna kajipindo kadogo kalikolainishwa ili kasichane plastiki. Ibonyeze. Inabonyea, ukiiachia inarudi pale pale. Huko kurudi ndo kazi yenyewe, ukikuta klipu haitaki kurudi ujue umeshika bati tu.

Sasa niwaambie habari ya mama mmoja, jina lake siwatajii. Anafuga kuku, ana mashine ya kutotolesha vifaranga, na kwa sababu umeme ukikatika mayai yanapoa akanunua inveta ya betri ya volti 12, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Ikaungua, akaniletea. Nikafungua, mosfeti nane (mosfeti ni aina ya transista), namba yake IRF3205, nne upande huu nne upande ule, zimekandamizwa kwenye ubavu wa aluminiamu wa boksi lenyewe, kila moja na klipu yake. Mbili zimepigwa shoti. Kazi ya kawaida kabisa. Nikachukua bisbisi bapa, nikaingiza chini ya klipu nikaikwanyua, ikatoka, nikabadilisha mosfeti, nikapaka pesti, ile nyeupe ya kupitisha joto, nikarudisha klipu, nikawasha balbu ya wati 60 nusu saa hivi, safi, mama njoo uchukue.

Siku ya tisa karudi. "Mwanangu, imezima tena." Shikamoo mama, pole, nikafungua, mosfeti moja imekufa. Nikalaumu spea, si mnajua sokoni kuna spea feki, nikanunua nyingine duka tofauti tena za bei zaidi, nikafunga. Nikamhakikishia kabisa kwamba sasa hivi imepona.

Mara ya tatu alikuja asubuhi na mapema, na hakusema imezima. Alisema mayai 180 yamekufa siku ya 17. Zilikuwa zimebaki siku nne watoke vifaranga. Umeme ulikatika usiku, inveta ikafanya kazi kama dakika arobaini afu ikafa, na yeye amelala.

Siku hiyo sikugusa spea yoyote. Nilikaa na ile bodi nikaiangalia kama vile siijui. Na nikaona kitu ambacho kilikuwepo mbele ya macho yangu mara zote mbili: mosfeti iliyokufa ni ile ile, ya tatu kutoka kwenye feni. Duka tofauti, bei tofauti, mfuko tofauti, lakini sehemu moja. Spea feki haichagui kiti cha kukaa. Nikazivua zote nikageuza migongo yao juu kwenye kitambaa, na ile pesti nyeupe ikanieleza kila kitu. Zile saba zilikuwa na pesti nyembamba kama ukungu kwenye kioo, imetandazwa sawasawa, ukiinamisha unaona chuma kwa chini. Ile ya tatu pesti ilikuwa bado nene, ina hata mistari ya kidole changu nilivyoipaka! Imeguswa kwenye ukingo mmoja tu. Nikachukua klipu yake nikailinganisha na mwenzake, ilikuwa imenyooka mgongo, kidogo sana, labda milimita moja na nusu. Ni pale nilipoikwanyua na bisbisi siku ya kwanza. Ilikuwa imekaa mahali pake, inaonekana imeshika, ukiitikisa haitoki. Lakini ilikuwa haikandamizi.

Hapo ndo niliusikia uzito wa kazi hii. Nilimlipa yale mayai kwa awamu tatu, na ile klipu nimeitunza, iko humu ndani ya kopo, nimeifunga kauzi kekundu, aliyeipata ailinganishe na ya jirani yake.

Sasa kwa nini kitu kidogo hivyo kiue mosfeti? Tuanze na mgongo wa transista. Ukiushika unaona laini, na uso wa hitisinki unaona laini, lakini viweke pamoja vikavu na ukweli ni kwamba vinagusana kwenye vilele vidogo vidogo tu, kama milima miwili umeipindua ikakutana vichwa, katikati yote ni hewa. Na hewa kwa joto ni kama blanketi. Aluminiamu inapitisha joto mara maelfu kuliko hewa, tena sio elfu moja wala mbili, ni zaidi ya elfu saba. Pesti kazi yake ni kufukuza ile hewa kwenye mabonde na kukaa yenyewe, na pesti sio aluminiamu, ni nafuu tu kuliko hewa. Kwa hiyo pesti inatakiwa iwe kidogo sana, na kinachoifanya iwe kidogo ni mkandamizo. Kidole chako hakiwezi kuitandaza ikafika pale, klipu ndo inaimalizia taratibu kila mashine ikipata moto, pesti inalainika, inaminywa, ya ziada inatoka pembeni.

Tupige hesabu, msiogope, ni kuzidisha tu. Tuchukulie transista inatoa joto la wati 20. Kati ya mgongo wake na hitisinki, ukikandamiza vizuri na pesti, tuseme kuna upinzani wa joto, yaani ugumu wa joto kupita, wa digrii 0.5 kwa kila wati. Ishirini mara nusu, kumi. Ikilegea ikafika digrii 2 kwa kila wati, inakuwa arobaini. Ndani ya transista yenyewe, kutoka kwenye silikoni, kale kachipu ka ndani kanakofanya kazi yenyewe, mpaka mgongoni, tuseme digrii 1 kwa wati, hiyo ni ishirini nyingine. Sasa hitisinki ikiwa na digrii 70, silikoni ya klipu nzima iko 100, ya klipu iliyolegea iko 130. Jua la Februari, boksi limefungwa, feni imejaa vumbi, hitisinki ikafika 90, huyu yuko 120 na yule yuko 150. Na transista nyingi zimeandikiwa kwamba mwisho wake ni 150, nyingine 175. Na mosfeti zina tabia moja, zikipata moto upinzani wake unapanda. Hiyo IRF3205 ikiwa baridi ni kama 0.008 ohmu, ikiwa kwenye moto mkali inakaribia mara mbili, na yeye kwenye mzigo ule ule anatoa joto zaidi. Ukishika hitisinki kwa mkono utaiona ya kawaida! Joto halijafika kwenye hitisinki, limekwama kwa mwenyewe. Ndo maana nilikuwa nagusa ule ubavu nasema mbona imepoa vizuri.

Kingine nataka mkione kwenye umbo la hii transista, wenyewe viwandani umbo hili wanaliita TO-220. Tumbo jeusi la plastiki, miguu mitatu chini, mgongo wa chuma, na juu kuna tundu la skrubu. Silikoni yenyewe iko wapi? Haipo kwenye tundu. Iko chini, nyuma ya tumbo jeusi. Sasa ukiweka skrubu unavuta huku juu, wakati joto linatoka huku chini, na ukiikaza kwa hasira ule mgongo unapinda kidogo kama kijiko unachokibonyeza ncha, upande wa silikoni unanyanyuka. Unakaza zaidi ili ipoe, yenyewe inazidi kunyanyuka. Klipu inakuja moja kwa moja juu ya tumbo, juu ya silikoni kabisa, inasukuma pale pale joto linapotoka. Klipu za transista hizi zinakandamiza kwa nyutoni makumi kadhaa. Chukua nyutoni 30, ni kama kilo tatu, yaani pakiti tatu za sukari zimekaa juu ya kitumbo ambacho ukubwa wake ni kama ukucha. Kale kachuma ulikokashika ndo kanabeba hiyo, usiku na mchana, miaka.

(Hapa kijana mmoja nyuma aliuliza: kama ni hivyo mbona vitu vingi vina skrubu?)

Swali zuri, asante dogo. Skrubu sio mbaya. Skrubu ya milimita 3 ikikazwa kwa kipimo, kama nyutoni-mita 0.6, ni sawa na kuning'iniza gramu 600 mwisho wa spana ya sentimita 10, na ikiwa na washa ya springi chini yake, inafanya kazi vizuri tu. Tatizo langu ni fundi anayekuta klipu, anaivunja au anaipoteza, afu anatoboa tundu anaweka skrubu, au mbaya zaidi anakata bati la kopo analifunga juu. Bati la kopo leo linashika, ukilipima leo liko vizuri. Lakini mashine inawaka inazima, inapata moto inapoa, aluminiamu inatanuka kushinda chuma, zinasogea kidogo zinarudi, kila siku, na bati likishapindwa halina kumbukumbu, linabaki pale liliposukumwa. Springi inafuata. Zikisogea kidogo nayo inasogea na bado inakandamiza.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha ile kanuni mnayosomeshwa darasani, kwamba springi inasukuma kadiri unavyoikunja. Wengi mnaijua ya mtihani. Mezani kwako maana yake ni kwamba klipu imepigiwa hesabu ya mkunjo wake, imekunjwa hivi itoe kilo hizi. Na ina mpaka, ukiipitisha pale haitarudi, na haitakwambia. Haina alama, haina ufa, inakuwa tu dhaifu. Kwa hiyo kuvua klipu ni kazi ya kujifunza. Usiikwanyue kutoka katikati. Tafuta ile ncha inayoshika kwenye mfereji wa hitisinki, isukume ndani kwanza mpaka iachie, afu itelezeshe. Mimi nilichukua plaizi ya mdomo mrefu ya zamani nikaichonga vifereji viwili kwenye ncha, ndo naitumia mpaka leo. Bisbisi bapa naiweka mbali kabisa wakati huo, maana ikiteleza inakata njia za shaba za bodi na hiyo ni kazi nyingine tena.

Usalama, hapa naomba sikio la kila mmoja. Mgongo wa chuma wa transista nyingi umeunganishwa na mguu wa katikati, una umeme. Kwenye pawa saplai za umeme wa ukutani, ile volti 230 ikishanyooshwa na kuingia kwenye kapasita, kile kidude kinachotunza chaji, inafika kama volti 325. Ndo maana unakuta karatasi ya maika au raba ya silikoni katikati, ya kuzuia umeme, na ukitumia skrubu unahitaji na kale kabushi ka plastiki ili skrubu isiguse mgongo. Klipu inagusa plastiki ya tumbo peke yake, kwa hiyo kabushi hakahitajiki, hiyo ni faida yake kubwa. Lakini ukiweka klipu ya umbo jingine, ndefu kuzidi, ncha yake ikafika kwenye chuma au kwenye mguu, hitisinki nzima imekuwa waya wa umeme na mteja ataigusa. Kwa hiyo baada ya kufunga, multimita, pima kati ya mgongo na hitisinki, kabla ya kuwasha. Na kapasita uitoe chaji kwanza kabla hujaingiza mkono, hata kama mashine haijachomekwa tangu jana.

Halafu mpangilio wa kazi, hili naliona hata kwa mafundi wazima. Watu wanalehemu transista kwenye bodi kwanza, imesimama hapo, afu ndo wanaleta hitisinki na klipu. Klipu inaivuta transista kwenda kwenye hitisinki, miguu imeshagandishwa, inabaki imevutwa. Lehemu ya bati na risasi inayeyuka digrii 183, isiyo na risasi ni kama 217, lakini hata kabla ya kuyeyuka, ukiivuta kila siku inanyumbuka polepole kama bablishi, mwisho unaona kale kaduara cheusi kuzunguka mguu, imeachia. Anza na klipu. Ikae, ikandamize, miguu ijitafutie mahali kwenye matundu ya bodi bila kulazimishwa, ndo ulehemu. Hivyo tu, na utaona mashine ngapi haziwarudii.

Hili la lehemu kuvutwa wale wa kompyuta wanalijua zaidi. Kuna mabodi ambayo hitisinki ya chipu inashikwa na waya wa springi umbo la Z, na ncha zake zimeingia kwenye vijipete vya waya vilivyolehemiwa kwenye bodi yenyewe. Springi inavuta juu miaka na miaka, siku moja kijipete kinang'oka na hitisinki inaning'inia. Ukikuta hivyo safisha tundu, ulehemu kwa pande zote mbili kama bodi inaruhusu, na usirudishe springi mpaka imepoa kabisa. Na zile prosesa za kompyuta, Athlon za AMD za mwanzoni mwa miaka ya 2000, chipu ilikuwa wazi juu, haina kofia ya chuma, feni yake ina klipu ngumu, ukiishusha upande mmoja kwanza kona ya chipu inameguka. Basi imeisha hiyo, hamna spea ya kona.

Nigusie na fyuzi, maana nayo ni springi na mnaidharau. Ile fyuzi ya kioo ya milimita 5 kwa 20 inakaa kwenye vikono viwili vya chuma vilivyolehemiwa kwenye bodi. Vikilegea, pale inapogusa panakuwa na upinzani. Tuseme 0.05 ohmu tu, ampea 8 zikipita, nane mara nane sitini na nne, mara 0.05, ni wati 3.2 kwenye doa dogo kama kichwa cha kiberiti. Bodi inakuwa ya kahawia pale chini, mmeona hizo, si ndio? Fundi anabadilisha fyuzi, inakatika tena, anaweka kubwa zaidi, au anazungushia waya. Fyuzi haikuwa na kosa. Minya vikono, safisha, na kama vimeshapoteza nguvu kwa moto, badilisha vikono. Kikono cha betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, kwenye bodi ya kompyuta ni habari ile ile, saa inajirudisha nyuma, mteja anauziwa betri mpya tatu, kumbe kikono kimelala.

Kwa mliotoka Tanga, Dar, Zanzibar, huko kuna chumvi. Klipu ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki inashika kutu pale kwenye mkunjo, na mkunjo ndo unaobeba nguvu zote. Ukiona vumbi jekundu kwenye mkunjo usisugue na msasa ukarudisha, itupe, maana siku ikikatika inaangukia ndani kwenye bodi yenye umeme na ni kipande cha chuma kinachotafuta pa kuunganisha. Tafuta ya chuma cha pua.

Utaipata wapi? Maduka mengi ya spea ukiuliza klipu watakushangaa. Mimi nazitoa kwenye mashine zilizokufa, pawa saplai za kompyuta, televisheni, mashine za kulehemu za inveta. Kabla bodi mbovu haijaenda kwa wa skrepa, navua klipu zake zote, nazipanga kwa umbo, na kabla sijaitumia mpya kwa mteja naijaribu: napaka pesti kidogo, nafunga, nawasha mashine ipate moto, nazima, navua, naangalia mgongo. Ukungu sawasawa, napaka upya nafunga. Mistari ya kidole, klipu inarudi kwenye kopo la kauzi kekundu. Inanichukua robo saa na simlipishi mteja robo saa hiyo.

Yule mama bado ni mteja wangu. Inveta yake inatembea mwaka wa sita huu na mosfeti zile zile za bei ya kawaida, ile ya tatu kutoka kwenye feni ikiwa mojawapo.

Sasa imetosha kuongea. Nimeweka bodi kumi na mbili pale mezani, zote za mashine zilizokufa, na kapasita zake nimeshazitoa chaji mwenyewe asubuhi. Njooni wawili wawili, vueni klipu moja moja bila bisbisi, geuzeni migongo juu, mniambie pesti imesema nini. Wa kauzi kekundu, we anza na mimi hapa.